Sauti ya Mave

Leo asubuhi nilitoka Bunia bila mpango wowote. Nilikuwa napita kando ya shule moja ya watoto wadogo, vumbi la barabarani likiwa bado limelowa umande, nikasikia darasa zima likivuta sauti moja, "sss", ndefu, kama mvua inayokuja juu ya mabati. Sikufikiri. Nilipanda nyuma ya pikipiki ya kwanza iliyosimama, nikamwambia dereva aende tu mbele.

Herufi nilijifunza katika kambi ya watu waliokimbia vita vya Djugu, chini ya turubai lililonuka moshi na plastiki iliyochomwa na jua. Vitabu hatukuwa navyo. Madamu, mwalimu wetu, alimgawia kila mtoto sauti moja aitunze. Akitaka neno, tulisimama kwa mstari, kila mmoja akatoa yake, na neno likapita kutoka mdomo hadi mdomo. Mimi nilipewa "k". Mave, msichana wa hema la jirani, alikuwa na "s".

"Yako inatoka kama mbuzi iko na kikohozi," alinicheka. "Yangu iko inatembea."

Niliitamani sauti ile kuliko chakula.

Juma moja Mave na mama yake walifuatana na wengine kwenda Djugu, kuchimba mihogo waliyoiacha shambani. Kambini, mtu akienda shambani, mkeka wake haukunjwi mpaka arudi. Hakuna aliyetueleza sababu, lakini hata watoto watundu waliuruka bila kuukanyaga. Darasani tukafanya vivyo hivyo na sauti yake. Neno "sabuni" lilianza na kimya. Tulitazama pale alipozoea kusimama, tukangoja kidogo, kisha mwenye "a" akaendelea.

Siku ya tano Madamu alichoka. "Weye, kamata ya Mave," aliniambia. "Ni leo tu."

"Madamu, mukeka yake iko bado chini," mtoto mmoja alisema.

"Hii haiko mukeka. Ni masomo."

Ningeweza kukataa. Niliingia mahali pake, nikavuta "sss" kwa furaha yangu yote. Nilipofunga mdomo, sauti haikukoma. Iliendelea nyuma yangu, nyembamba, karibu na sikio, kisha ikasogea taratibu kuelekea mlangoni. Turubai halikutikisika. Watoto wote waligeuka. Madamu alibaki ameinua chaki, haandiki.

Jioni ile waliokwenda shambani walirudi bila Mave na mama yake. Walisikia risasi njiani wakatawanyika, na hakuna aliyewaona tena. Mimi sikurudi darasani. Kusoma nilikuja kujifunza mwenyewe, kwenye vibao vya njiani na magunia ya saruji, na mpaka leo nikikutana na herufi ile nanyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Pikipiki ilinishusha Komanda mchana. Nimepata chumba nyuma ya duka la mafuta ya mawese. Kitanda hakuna, kuna mikeka miwili, mmoja tayari umetandikwa, na shati la mtu juu yake. Mama mwenye nyumba aliinama kuushika.

"Mwenye mukeka hii alienda kuona shamba yake, papa. Inafika siku ine, hajarudi. Nikunje, ulale muzuri?"

Utotoni nilikuwa na sauti moja tu, nikatamani ya mwenzangu. Leo ninazo zote, lakini ili kumjibu nilizitafuta kwa shida mpaka zikatoka.

"Acha, mama. Usikunje."