Harufu ya Udi

Bi Tahiya, muuza kanga wa Mlandege, hakungoja kuambiwa na mtu. Pua yake ilimtosha. Mwanawe Faiza, anayesoma chuo kikuu, kila jioni hurudi nyumbani Michenzani nguo zinanukia udi. Mwari ajifukize udi, ampelekee nani? Na siku hizi mtoto hali, hacheki, hata akisemeshwa haitiki vizuri. Ni mwanamme tu huyo!

Alhamisi akafunga duka mapema, akamfuata kimyakimya mpaka jumba la pili kutoka lao, akapanda ngazi, akasukuma mlango alioingia Faiza bila hata hodi.

Mwanamme hakuwemo. Alikuwemo Bi Mwanakhamis, mtengeneza udi wa maharusi, anakoroga sufuria yake ya vipande vya udi, sukari na marashi. Faiza kajikunyata kwenye mkeka, analia.

"Unalilia nini kwa watu, na kwenu kupo?"

"Masomo yamenielemea, mama. Usingizi sipati. Hapa nnalia, Bi Mwanakhamis anakoroga udi wake, haniulizi kitu."

"Na mimi mamako mbona hukunambia?"

Faiza akajifuta machozi kwa mtandio.

"Kila nikiingia ndani, mama, unaninusa kwanza."