Mama Mkwe Alivyonenepa Kwenye Televisheni

Mpaka leo nikifika Mbebe kuna watu wakiniona tu wanajaza mashavu upepo, nami nacheka nao, maana aibu ile niliipika mwenyewe, nikaipakua mbele ya kanisa zima.

Wakati huo nilikuwa na studio Tunduma (naiita studio, kilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta, feni na pazia la bluu), na nilikuwa nimempenda Tumaini, binti wa huko Mbebe, milimani Ileje. Mama yake alikuwa mwenyekiti wa kwaya, basi kwaya ilipotaka kutoa video nikajitolea kuitengeneza bure, kwa sababu wiki moja baada ya uzinduzi mshenga wangu alikuwa apande kwao na barua ya posa. Sasa huyu Mama Tumaini daktari alikuwa amemwambia apunguze mwili kwa ajili ya presha, akala majani miezi na miezi, akapungua kweli, na kila mtu kanisani alikuwa ameambiwa.

Nyimbo nilizipiga picha vizuri, sijisifu. Kosa lilikuwa kwenye ufunguzi, pale sura za wanakwaya zinapotokea moja moja ndani ya miduara. Picha za kamera yangu zilijengwa kwa nukta pana (nukta ni vile vidoa vidogo vinavyounda picha), siyo za mraba kama za kompyuta, kwa hiyo sura ukiitoa kwenye video na kuifungua kwenye kompyuta unaiona imebanwa, lakini ikirudi kwenye televisheni inajitanua yenyewe na kukaa sawa. Hilo nilifundishwa, nikalisahau. Nilipomwona Mama Tumaini amekuwa mwembamba kama aliyebanwa na mlango nilimwonea huruma, nikamvuta kwa mausi mpaka akapendeza, nikawavuta na wenzake wote, nikachoma DVD bila hata kuijaribu kwenye televisheni.

Siku ya uzinduzi jenereta linanguruma nje, televisheni pana niliyoazima kwa mfanyabiashara wa mpakani iko juu ya meza yenye kitambaa cheupe, nikabonyeza. Duara likatokea limelala kama yai, na ndani yake Mama Tumaini, mashavu yamefika mabegani, kilo zote alizozipoteza zimerudi na nyingine za ziada. Wa kwanza kucheka alikuwa mume wake.

Hapo mtu mwenye akili angezima. Mimi nikachukua kipaza sauti.

"Samahani wapendwa," nikasema, "Mama si mnene, ni nukta zake ndizo pana."

Kanisa likaanguka kicheko (na kwaya nzima, maana sura zao nazo zilikuwa zinafuata). Nikashika rimoti, nikakumbuka kuna kitufe cha kubadilisha umbo la picha, nikakibonyeza, nikaanza upya, na kweli miduara ikawa miduara, Mama akarudi kuwa Mama, watu wakapiga makofi, nami nikainama kidogo kama mtaalamu. Ndipo wimbo wa kwanza ukaanza. Nyimbo sikuwa nimezivuta, kwa hiyo kile kitufe sasa kiliwabana wote, wakasimama kama mabua ya mahindi, na mchungaji, mtu wa kitambi cha heshima, akapita nyuma yao mwembamba kama mpini wa jembe. Mchungaji mwenyewe akawa anajifuta machozi kwa leso.

Mama Tumaini akainuka, akaja mbele taratibu, akaninyang'anya kipaza sauti. Nilimtazama Tumaini, alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Nikajua posa imekwisha kabla haijaandikwa. Kumbe mabega ya Mama yalikuwa yanatikisika kwa kicheko, akangoja kitulie ndipo akaweza kusema.

"Mwanangu, mshenga wako aje kama mlivyopanga. Ila video ya harusi tutatafuta mtu."

Wakamtafuta kweli, akatoka Vwawa, na mimi bwana harusi nikakaa nimekunja mikono nikipigwa picha na fundi mwingine. Tangu hapo nimeapa, sura ya mtu nikiiona imebanwa kwenye kompyuta siigusi mpaka niione kwenye televisheni, na ya mama mkwe naiangalia mara mbili.