Mtaalamu wa Mafuta ya Barafuni

Mwaka ule maduka ya Lubumbashi yalipoporwa, jirani yetu mhandisi wa mtaa wa Makomeno aliendelea kusoma mitetemo ya ardhi ya kaskazini ya mbali, kule bahari inakoganda. Kila asubuhi alitandaza barazani karatasi zenye mistari kama nywele zilizochanwa vibaya, akalamba penseli, akapitisha ukucha mrefu wa kidole cha mwisho juu ya mawimbi. "Chini ya hii barafu iko mafuta mingi!" alitutangazia.

Mkewe Dorcelle aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, petroli haikupatikana popote mjini. Tukamwingiza katika gari lao lililokauka, tukalisukuma kuelekea hospitali. Bwana yule akashika usukani, akitufafanulia kwa sauti ya mhadhara jinsi mwamba unavyonasa mafuta.

"Ingénieur, shuka na weye usukume," alihema jirani mwingine, Kapya.

Akatutazama kwa huruma. "Munisamehe, miye haiko fundi wa motokari."

Dorcelle ndiye aliyeshuka. Akakaza kitenge, akaniegemea begani, tukaanza kutembea. Nyuma yetu mumewe alitoa kichwa dirishani akauliza mbona gari limesimama.