Spana Juu ya Kaunta

Jumatatu nilikuwa kwenye duka la madishi ya setilaiti, mtaa wa Al-Suwaidi, akaingia mzee mmoja wa Kisaudi na dada Mkenya anayefanya kazi nyumbani kwake. Muuzaji akawaeleza yaleyale yanayotuchosha sote hapa Riyadh: kampuni moja ya televisheni imenunua haki za soka, mpinzani wake amenunua za raga, na kila moja ina setilaiti yake. Mzee anataka soka. Mwanawe, aliyesoma ng'ambo, anataka raga. Dishi ni moja.

"Nani huligeuza?" muuzaji akauliza.

Mzee akamwelekezea dada kidevu, maana ndiye hupanda juu ya paa kuanika nguo.

Dada akatoa spana mkobani, akailaza juu ya kaunta taratibu. "Soka nitageuza, raga nitageuza," akasema kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Ijumaa, mafi, hakuna. Ijumaa napumzika."

"Na mechi za Ijumaa?" mzee akauliza.

"Baba atapanda mwenyewe."

Mzee akaitazama spana, kisha akalitazama tumbo lake. "Halas, yaishe," akamwambia muuzaji. "Lete dishi la pili."

Kampuni zile zinahangaika na matangazo kutwa kucha. Muuzaji wanayemtafuta ni yule dada wa spana, ila Ijumaa wasimsumbue.