Jamvi la Ukangaga

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya ujana wangu isiyonitoka kichwani: ile niliyokaa kitako mbele ya gari la kifusi. Usicheke. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kipaji nilichokwisha kuonesha kilikuwa kimoja tu, kukaa ndani. Kwetu Ng'ambo waliniita Kofuli. Mama akachoka, akanipeleka kwa shangazi yangu Bi Mize, karibu na Jozani, nikapigwe na jua.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na bonde la maji lililojaa ukangaga, yale majani marefu yenye shina la pembe tatu ambayo wanawake huyasukia majamvi. Alinifundisha kuyakata juu juu, mizizi isiguswe, yachipue tena. Nilijikata vidole zaidi kuliko majani.

Asubuhi hiyo Ami Haji, mdogo wake Shangazi, alikuja na gari la kifusi alifukie bonde, ajenge nyumba za wageni. Shangazi hakupiga kelele. Alitandika jamvi katikati ya njia, akaweka ndoo ya maji ubavuni, akaketi.

"Dada, pisha. Majani tu haya."

"Majani haya ndiyo uliyolalia ulipozaliwa. Na bonde ukilifukia, kisima kitapata wapi maji?"

"Utakaa mpaka lini?"

"Mie nshakaa. Hilo muulize aliyesimama." Akanigeukia. "We Kofuli, njoo ufanye kazi yako!"

Nikakaa naye jamvini. Jua likapanda. Mwisho dereva akashuka, akaomba maji. Shangazi akamchotea kata.

"Kunywa, baba. Ndiyo haya uliyokuja kuyafukia."

Alikunywa, akaitazama ile kata, akapanda garini na kurudi kinyumenyume hadi barabarani. Ami akamkimbilia, kiatu kimoja kimebaki matopeni.

Shangazi keshatangulia mbele ya haki. Juzi watoto wa Ami wameonekana bondeni na wapimaji. Basi nnakwenda. Kukaa bado naweza. Kuinuka ndiyo kazi, na safari hii hiyo ni sifa. Lakini nataka wa kukaa nami, atakayebaki nitakapoondoka duniani.

Nasaha yangu ni hii: ukikata ukangaga, uache mzizi. Wakija kufukia, usitukane wala usirushe jiwe. Tandika, kaa, na uwe na maji ya kuwapa. Jamvi nimelisuka mwenyewe, limekwenda upande, lakini linatutosha wawili.

Mola akupe kitako kizito, mwanangu, na kisima kisichokauka. Haya, vaa viatu.