Pikipiki Iliyozoea Njaa

Siku ile tulikuwa watano chini ya bati la gereji ya Kimandolu: mimi niliyekuwa mkubwa wa watoto, mdogo wangu Eliakimu, Neema kitinda mimba wetu, baba mdogo Yohana, na fundi Salimu mwenye gereji. Katikati yetu ilisimama pikipiki ya marehemu baba, tenki lake jekundu limepauka kwa jua la barabara ya Momela. Kulikuwa na harufu ya petroli iliyomwagika juu ya vumbi lenye umande, na Mlima Meru ulikuwa bado umejifunika ukungu mpaka kiunoni. Pembeni, juu ya benchi la mbao, yalikuwa mabegi mawili. Moja lilikuwa la Neema, aliyekuwa apande basi la Moshi kwenda kwa shangazi. La pili lilikuwa la Eliakimu, aliyekuwa apelekwe Babati kwa mjomba. Mimi sikuwa na begi. Ilikuwa imekubaliwa kwamba nibaki na baba mdogo nimsaidie shambani.

Mama alitutoka kwanza, na baba akamfuata kabla kaburi la mama halijajengewa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na shule nilikuwa nimeshaiacha, maana ng'ombe hawakamuliwi na mwalimu. Nilijua kazi moja ya baba iliyoweza kutulisha sote: kukusanya maziwa kwa majirani alfajiri, kushuka nayo hadi Usa River, kisha kufuata lami mpaka Themi, kwa mama mmoja mwenye hoteli ya chai. Nikajaribu. Pikipiki ikanishinda. Ikisimama ilinguruma vizuri, na ukiivuta kwa nguvu kupanda kilima ilipanda. Lakini kwenye lami, ukitaka iende mwendo mmoja tu wa kawaida, ilianza kusukuma na kulegea, kusukuma na kulegea, hata madumu yakagongana nyuma yangu. Sisi nyumbani tuliiita kwikwi. Ili kuikwepa nilikwenda polepole kwa gea ndogo, jua likanikuta Tengeru, na maziwa yakafika yameanza kuchacha. Mama wa hoteli alinivumilia, akanivumilia tena, kisha akaniambia kwa upole nisilete. Ndipo kikao cha ukoo kikaamua pikipiki iuzwe na watoto wagawanywe kwa ndugu. Siwalaumu. Kila mmoja alichukua mdomo mmoja wa kulisha kwa moyo mweupe. Ila mimi nilikuwa nimemwahidi mama kwamba tutakula chungu kimoja.

Kwa hiyo tulikwenda Kimandolu ili kwikwi itolewe kabla ya mnunuzi kuja mchana. Mafundi wawili wa Usa walikuwa wameshabadilisha plagi, wakaosha tenki, wakakaza mnyororo, na kwikwi ikabaki. Fundi Salimu alikuwa mtu wa Tanga aliyelowea Arusha, mnene, mcheshi, mwenye kofia ya kufuma isiyojulikana tena rangi yake. Nilipomwamkia, "Shikamoo, fundi," aliitika "Marahaba" bila kuacha kuitazama pikipiki. Baba mdogo akamweleza tatizo.

"Kwikwi?" akacheka. "Mmejaribu kuipa maji ya kunywa huku imebana pumzi?"

"Mimi niliwaambia hivyo hivyo," alisema Neema, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikamwona anacheka.

Fundi Salimu alikuwa na desturi yake: hakufungua kabureta ya mtu kabla ya kupanda nyuma ya mwenyewe na kusikiliza barabarani. Alisema pikipiki ikiwa gerejini husema uongo, kama mgonjwa anayepona akiona sindano ya daktari. Akaniambia niendeshe. Tulipofika kwenye lami iliyonyooka kuelekea Tengeru, akanipigia kelele sikioni, "Shika mafuta hapo hapo! Usiongeze, usipunguze!" Kwikwi ikaanza. Nikahisi ameinama ubavuni, mzito kama gunia, mkono wake ukishuka mpaka kwenye kabureta. Akavuta choki kidogo, upana wa ukucha. Pikipiki ikatulia. Ikaenda laini, sauti moja, kama mtu anayesoma kitabu anachokielewa.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haina ugonjwa. Ina njaa. Nimeipunguzia hewa, petroli ikaizidi kidogo, imeshiba. Turudi."

Gerejini alichomoa plagi akatuonyesha ncha yake, nyeupe kama majivu, dalili ya njaa. Akaminya mpira unaounganisha kabureta na injini, akauona mzima, hauvuti hewa ya wizi. Akapuliza vitundu vya petroli, vilikuwa safi. Kisha akafungua kifuniko cha juu, akatoa sindano nyembamba ya shaba inayopanda na kushuka kila ukivuta mafuta. Kichwani ilikuwa na mikato midogo, na kwenye mkato mmoja kulikuwa na kipini kidogo kuliko punje ya ulezi. Kipini kilikuwa kwenye mkato wa juu kabisa. Akatueleza kwamba kikikaa juu, sindano huzama chini na kubana tundu la petroli, na njaa hiyo huonekana hasa pale mkono unapotulia kwenye mwendo wa kati.

"Kiwandani hawaweki hivi. Nani aliishusha sindano hii?"

Baba mdogo akasema, "Kaka."

Akatueleza. Miaka ya nyuma, petroli ilipokuwa ya kutafutwa kwa kibali na kupanga foleni ambayo iliweza kuishia mikono mitupu, baba aliishusha sindano ili dumu moja limfikishe mjini na kumrudisha. Nikiwa mdogo nilikuwa nakaa mbele yake juu ya tenki, na nakumbuka mkono wake wa kulia haukutulia hata kidogo: akivuta, akiachia, akivuta, akiachia, njia nzima. Nilidhani ni furaha ya kuendesha. Kumbe alikuwa anaibembeleza. Aliijua njaa ya pikipiki yake na akaifunika kwa mkono, nasi tukala, tukavaa, tukaenda shule.

"Basi iache," alisema baba mdogo. "Ni mkono wa marehemu huo."

Fundi Salimu hakubisha upesi. Alifuta sindano kwa kitambaa. "Yohana, ndugu yangu, kaka yako aliipunguzia kwa sababu mafuta hayakuwepo. Sasa hivi kila kona wanafungua kituo cha petroli, ni fedha yako tu. Angekuwa hai angeirudisha mwenyewe." Akanigeukia. "Nawe usinikodolee macho. Njoo uirudishe."

Nikakishusha kipini mkato mmoja. Kipini kikaniponyoka kikaruka, tukakitafuta sote vumbini kwa magoti, baba mdogo na suti yake ya kanisani. Neema ndiye aliyekiona. Tulipofunga, fundi hakupanda tena nyuma yangu. Alimwambia baba mdogo apande. Tulikwenda mpaka Tengeru na kurudi kwa mkono uliotulia, na pikipiki haikusema neno la pili. Tuliporudi plagi ilikuwa imeanza kupata rangi ya chai ya maziwa.

Nilimwambia, "Baba mdogo, nipe nafasi ya kurudi kwa mama wa hoteli. Nitafika kabla ya jua."

Alitazama lile benchi. "Neema," akasema, "shusha begi la kaka yako na lako pia. Mnaharibu benchi la watu." Mnunuzi alipokuja, yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia haiuzwi, ni ya watoto.

Maziwa yale yalitusomesha. Eliakimu ni mwalimu, Neema ni muuguzi, nami nina gereji yangu Kimandolu hapo hapo. Siku hizi pikipiki zimejaa kama senene, na nyingine hazina kabureta kabisa. Kompyuta ndiyo inayozipimia chakula. Vijana wangu ni hodari, ila nawalazimisha wapande nyuma wasikilize kwanza. Tulikuwa na kidogo sana zamani, na sitamani kurudi huko, lakini sijui leo ni fundi gani angepoteza asubuhi yake kwa pikipiki inayokwenda kuuzwa.

Siku ile fundi Salimu alikataa malipo. Alisema ameishi Arusha miaka yote hiyo bila kuliona ziwa la Momela na ndege wake wa rangi ya waridi; nitakapoweza, nimpeleke. Nimekwenda kumchukua mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mara anasema mvua, mara magoti, mara kofia haijafuliwa. Mwaka jana nilimletea gari mpaka mlangoni kwa binti yake anakoishi sasa, akanishika mkono akacheka mpaka machozi.

"Mwanangu, nikiliona ziwa utakuwa umenilipa. Na ukishanilipa, nani atakuja kunisalimia Jumapili?"

Tukaingia ndani tukanywa chai. Bado nadaiwa.