Jina Nililopewa Redioni

Kuna mzee aliwahi kuninyamazisha jikoni kwake ili asikilize redio vizuri.

Aliyekuwa anaongea redioni ni mimi.

Sitanii. Tulieni niwasimulie.

Naitwa Zenaida Delgado. Wazazi wangu wametoka Cabo Verde, kisiwa cha Santo Antão. Mimi nimezaliwa Ettelbruck, hapahapa Luxemburg. Kiluxemburgi nimekua nacho toka chekechea, mpaka ndoto naota kwa lugha hiyo. Kifaransa cha dukani, Kijerumani cha shuleni, Kikreoli cha mama nyumbani. Huku kwetu saa nne asubuhi mtu kashabadilisha lugha tatu na wala hajashtuka.

Nilipata kazi kwenye redio ndogo ya kaskazini. Kipindi cha wazee, saa nane mchana. Salamu za kuzaliwa, muziki wa zamani, matangazo ya vifo.

Siku ya kwanza bosi wangu, Gilles, akaniambia, "Sauti unayo. Tatizo ni hilo Delgado."

"Lina nini?"

"Halina kitu. Ila ni jina la Kireno, wazee wakilisikia watadhani ni kipindi cha wahamiaji wa Kireno, watahama stesheni. Tukuite Zita Thill. Fupi, linaingia."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mama mgongo ulikuwa umeshakwisha kwa kusafisha ofisi za watu.

Nikasema sawa.

Barua zikaanza kuja. Aliyeandika kuliko wote alikuwa Mzee Metty Scholtes, mkulima, mjane, kijiji kimoja huko karibu na Clervaux. Kila wiki barua, mwandiko wa kalamu ya wino.

"Binti yangu Zita," aliandika, "mkate naomba kwa Kifaransa. Daktari wangu Mjerumani. Anayekuja kunihudumia nyumbani anatoka ng'ambo ya mpaka. Wewe ndiye mtu pekee kwa siku nzima anayeongea na mimi lugha yangu. Ninyi ni akina Thill wa wapi? Wa Troisvierges?"

Nikamjibu ndiyo, wa Troisvierges.

Uongo ukishautoa mmoja unaomba wenzake. Akauliza babu alikuwa nani, nikambuni babu. Akaniandikia kwamba amemkumbuka huyo babu, alikuwa fundi mzuri wa paa.

Basi na mimi nikamzoea. Barua yake ikichelewa nakosa raha.

Msimu wa vuli akaandika, "Kifua kinanibana. Nikifa, tangazo langu ulisome wewe. Nimeshamwambia mwanangu Romain."

Nikajibu, nitasoma. Nikaahidi kabisa.

Halafu roho ikanisuta. Mtu anakaribia kufa, na huyo Zita anayempenda hayupo duniani. Nikasema naenda nikamwambie ukweli. Kipindi cha Alhamisi tulikuwa tumekirekodi mapema, nikawa na nafasi. Nikabeba keki ya plamu, nikapanda treni, nikamalizia kwa basi.

Mlango ukafunguliwa. Mzee mrefu, mwembamba, sweta limefungwa vifungo kombo.

"Umechelewa," akasema kwa Kifaransa. "Viatu vua hapo."

Nikamjibu kwa Kiluxemburgi, "Mzee Scholtes, mimi sio wa huduma za nyumbani. Nimekuja kukusalimia."

Akanijibu kwa Kifaransa, polepole, kama anaongea na kiziwi, "Jikoni ni kule. Kahawa."

Jamani. Nimemsemesha lugha yake, ananiangalia mdomo unavyocheza, na hasikii.

Nikapika kahawa. Ningefanyaje? Saa nane ikafika, akawasha redio. Nikafungua mdomo nianze kujieleza, akanyanyua kidole.

"Nyamaza. Msikilize mtu wetu anavyoongea. Ungejifunza kidogo."

Redioni nilikuwa nampa hongera bibi mmoja aliyetimiza miaka tisini. Mzee akafumba macho, akatabasamu. Sura yote ikalegea.

"Mzee," nikasema, "huyo ni mimi. Mimi ndiye Zita."

Akafumbua macho. Hakukasirika kwanza. Aliogopa.

Nikarudia sentensi iliyotoka kusemwa redioni, neno kwa neno, kwa mpigo uleule. Akavuta simu, akapiga stesheni. Masikio yake yalikuwa mazito, simu kaifungulia sauti mpaka mwisho, nikasikia kila kitu.

"Bwana, kuna mwanamke mweusi jikoni kwangu. Anasema yeye ni Zita."

Aliyepokea ni Gilles. Nikajua sasa ataniokoa.

"Zita yuko hapa studio, mzee," akasema. "Huyo simjui."

Mzee akaweka simu chini, akanionyesha mlango.

"Toka."

Kwa Kifaransa.

Kesho yake nikamvaa Gilles. Akakuna shingo. "Ulitaka nisemeje, Zenaida? Mzee wa miaka themanini na nane. Ningemuua."

Wiki iliyofuata barua ikaja. "Binti yangu Zita, jihadhari. Kuna mwanamke anazunguka na jina lako."

Hiyo sikuijibu.

Februari akafariki. Karatasi ya tangazo ikawekwa mezani kwangu. Kipindi siku hiyo kilikuwa cha moja kwa moja, hakuna kurekodi. Taa nyekundu ikawaka, na mimi mwenyewe sijui nilipata wapi ujasiri.

"Mchana mwema. Naitwa Zenaida Delgado."

Nikamsoma Mzee Metty. Jina lake, kijiji chake, siku ya maziko. Nilisoma kama ninavyosoma siku zote, labda vizuri zaidi, maana nilikuwa namlilia.

Wimbo uliofuata haujaisha, simu ikaita. Gilles akaiweka kwenye spika. Ni Romain, mtoto wa marehemu.

"Baba aliomba asomwe na Zita Thill. Mmempa mgeni. Lafudhi gani ile? Hata jina la kijiji chetu kaliharibu."

Gilles akaniangalia. Nilidhani atasema neno.

"Samahani sana, bwana. Tutalirudia kesho."

Ningeweza kugoma. Nililiwaza usiku kucha. Lakini mzee niliyemwahidi alikuwa hajazikwa.

Kesho yake, karatasi ileile, maikrofoni ileile. "Mchana mwema. Mimi ni Zita Thill."

Romain akapiga tena, analia.

"Asante, Zita. Sasa baba kasomwa."

Nikarudi nyumbani. Mama hajui Kiluxemburgi, ila redio huwasha kunisikia tu. Akaniwekea mezani kachupa, kile chakula chetu cha mahindi na maharage, akakaa.

"Jana nimesikia jina la baba yako redioni," akasema. "Nikapandisha sauti, nikawaita majirani. Leo tumekaa wote kusikiliza, Delgado hakuja. Wamemfukuza?"

Nikala vijiko viwili.

"Ndiyo, mama. Wamemfukuza."

Wewe unayesoma hapa, ukiambiwa kazini kwamba jina lako refu, gumu, halifai, na wewe una shida zako, najua utakubali. Mimi nilikubali. Ila usijidanganye kwamba utalirudisha siku ukitaka. Watu watakuwa wameshazoea kumsikia yule mwingine, na ukiongea kama wewe watakuona umeiga.

Kipindi bado kipo, saa nane mchana. Anasoma Zita.